Mjusi Chini ya Taa, Mke Ndani ya Koti

Karibuni, ila futeni viatu mlangoni kwanza, maana ngazi nimezipiga deki asubuhi hii na sina nia ya kurudia. Mkishafuta, kaeni. Nina kisa cha kuwapa, majirani zangu, na nitakisema wazi kwa sababu wenyewe wameniruhusu. Mmoja aliniruhusu kwa mdomo, mwingine kwa kunyamaza, na kwetu Reutlingen, kusini mwa Ujerumani, mtu akinyamaza amekubali.

Nyumba yetu ina milango mitatu. Chini nakaa mimi, Traudel Geiselhart, mjane, niliyeuza mikate katika duka la mwokaji mpaka magoti yakagoma. Juu kabisa anakaa Bwana Zeeb, mstaafu wa posta, ambaye kazi yake siku hizi ni kusikiliza. Katikati wanakaa Burkhard Pfleiderer na mkewe Heidrun, na kisa ni chao.

Nyumba hii ilikuwa ya amani. Kila wiki mlango mmoja ulikuwa na zamu ya ufagio: kibao cha mbao kinatundikwa kwenye komeo lako, na kikishatundikwa, ngazi, ukumbi wa chini na njia ya kwenda stoo ni vyako mpaka Jumamosi. Zamu ya akina Pfleiderer aliishika Heidrun, na sikupata kuona mtu anayefagia kama yeye. Ukumbini kwetu kuna baiskeli ya Bwana Zeeb, ambayo haijapandwa tangu alipostaafu. Sisi wengine tulifagia mbele yake tukaishia hapo. Heidrun peke yake ndiye aliyeisogeza akafagia na nyuma. Jumamosi baada ya kazi mumewe alimshushia kahawa, wakainywa wamekaa kwenye ngazi ya chini, bega kwa bega, bila maneno mengi. Nami nilifungua mlango wangu kidogo ili kupunga upepo, nikawaona, nikafurahi. Mwaka ule walikuwa wanakaribia jubilei ya fedha ya ndoa yao.

Basi amani hiyo iliharibiwa na mjusi.

Si mjusi wa ukutani. Ni wale wanaoitwa mijusi-ndevu, wenye asili ya jangwa la Australia, urefu wa mkono mpaka kiwiko, na chini ya kidevu wana miiba inayovimba na kuwa myeusi wakikasirika. Aliitwa Gustl. Alikuwa wa binti yao Annika, aliyekwenda kusoma Bremen, na bweni likamwambia mijusi hawaruhusiwi. Annika akamwachia baba yake kwa wiki mbili tu, mpaka apate chumba kingine. Nyinyi mliolea watoto mnazijua hizo wiki mbili.

Heidrun alisema hana neno, ilimradi mnyama asiingie jikoni kwake. Burkhard naye alisema mjusi ni mjusi, atampa majani yake na basi. Lakini kazi ya Burkhard kiwandani ni kupima meno ya gia kama yamekatwa sawasawa, na mtu wa namna hiyo humpi kitu chenye kipimajoto ukategemea atalala usingizi. Kisanduku cha kioo cha Gustl kilikuwa na kipimajoto kimoja. Burkhard akasema kimoja hakitoshi, kwa sababu huwezi kujua kama kinasema kweli. Akanunua cha pili. Vikatofautiana. Akanunua cha tatu ili kiamue.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Kisanduku kikaonekana kidogo, Burkhard akajenga kingine kirefu kama jeneza, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi, akaling'oa benchi la pembeni sebuleni, lile ambalo Heidrun alikalia jioni kushona, akalipeleka stoo. Taa ya kwanza ikapata mwenzake. Nyenje hai wa kulisha mjusi wakaja katika mikebe yenye matundu, wakawekwa kabatini karibu na unga. Jioni Burkhard alitoka na kikapu kwenda kuchuma mchunga pale kwenye nyasi nyuma ya makaburi, akauosha jani kwa jani, akaukausha kwa taulo. Mkewe alikuta mezani mkate na jibini, na jibini yenyewe alijikatia.

Usinielewe vibaya, msikilizaji. Kupenda mnyama si kosa. Mimi mwenyewe nilikuwa na paka aliyenijua kuliko marehemu mume wangu. Lakini kuna kupenda, na kuna kuhamia.

Ilipofika Oktoba, nilipanda kumpelekea Heidrun kibao cha zamu. Aliyefungua mlango alikuwa amevaa koti lake la majira ya baridi, lile la kijani lenye vifungo vikubwa, na skafu. Nikamuuliza kama anatoka.

"Sitoki, Bi Traudel. Natazama televisheni."

Nikaingia. Jamani, baridi ya sebule ile ingetunza nyama. Hita ilikuwa imezimwa. Pembeni, mahali palipokuwa na benchi, kisanduku kiling'aa kama dirisha la sonara, na ndani yake Gustl amejilaza juu ya jiwe, miguu ya nyuma ameinyoosha, kinywa wazi kwa raha. Burkhard alikuwa amepiga magoti mbele yake, anasoma vipimo.

Nikamuuliza Burkhard kama hita imeharibika. Akanieleza, kwa upole kama anavyoelezwa mtu mgumu wa kuelewa, kwamba taa za mjusi zinakula umeme, na nyumba ya watu wenye akili inayoongeza upande mmoja lazima ipunguze upande mwingine. Mimi ni Mswabia, mtu wa pande hizi, siwezi kumlaumu mtu kwa kubana matumizi. Lakini niliona kapunguza kwa nani.

"Arobaini," akasema Burkhard, kidole kwenye kipimajoto. "Arobaini kamili pale kwenye jiwe. Ndivyo anavyopenda."

"Na mimi?" Heidrun akauliza. "Mimi napenda ngapi?"

"Wewe una koti, mke wangu. Yeye hana."

Heidrun alinitazama. Nikatazama dari. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyekaa karibu na taa hamjui aliyekaa karibu na dirisha. Nilimpa kibao, nikashuka, nikaongeza hita yangu kwa hasira.

Novemba, Gustl akabadilika. Akaacha kula. Nyenje waliletwa mbele yake, wakampanda kichwani, naye wala. Akajichimbia chini ya gogo lake, akafumba macho, akalala. Burkhard akamtoa, akamweka chini ya taa. Gustl akatembea polepole, akarudi chini ya gogo. Burkhard akamtoa tena.

Annika alipiga simu kutoka Bremen, akamwambia baba yake asihangaike, wengi wao hulala majira ya baridi, ndivyo walivyoumbwa. Burkhard hakukubali. Niliyasikia maneno yake mwenyewe ngazini, kwa sababu alikuwa akiniambia mimi.

"Bi Traudel, hebu niambie. Baba yangu alikwenda kazini siku ya mazishi ya baba yake. Mimi kiwandani sijakosa hata siku ya mafua. Sasa mnyama wa nyumba hii atalala wiki nzima, siku za kazi, na niambiwe haumwi?"

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu, ndugu zangu, na msiseme ni wa Burkhard peke yake. Sisi watu wa huku hatuamini kwamba kiumbe mzima anaweza kulala mchana. Tukimwona mtu amekaa benchi bila kazi mikononi, tunamuuliza kama amepatwa na nini. Burkhard alimwona mjusi anapumzika, akamwita mgonjwa. Akaongeza taa ya tatu.

Jubilei yao iliangukia Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Heidrun, ambaye kazi yake ni kushona mapazia ya watu, safari hii alijishonea mwenyewe: gauni la buluu ya kukoza, lenye kola. Ukumbi ulikodiwa kwenye hoteli ndogo kule mlimani, wageni wakaalikwa, na dada yake Irmgard akaja kwa treni kutoka Friedrichshafen. Mimi nilipewa nafasi katika gari lao. Tulikuwa tumeshavaa, tumesimama ukumbini, Burkhard akasema anarudi juu mara moja kumwangalia Gustl.

Mara moja ile ilikuwa ndefu. Heidrun akapanda, nami nikamfuata kwa sababu nilikuwa nimeshika maua yake. Tulimkuta Burkhard amepiga magoti na suti yake mpya, mkono ndani ya kisanduku, anamsugua mjusi mgongo.

"Heidrun, hajafumbua macho tangu asubuhi. Siwezi kumwacha hivi. Nyinyi tangulieni, akichangamka nakuja nyuma."

Heidrun akachukua maua yake mikononi mwangu, akashuka.

Burkhard hakuja. Tulikula nyama ya kuchoma na tambi, na kiti kilichokuwa kando ya Heidrun kiliwekewa sahani, ikapakuliwa, ikapoa, ikaondolewa. Mtu aliyetakiwa kutoa hotuba ni mume, kwa hiyo hotuba haikutolewa. Kwaya ya kanisa iliimba nyimbo zake tatu haraka haraka, kama watu waliofika mahali wasipopajua. Keki inakatwa na mikono miwili juu ya kisu kimoja. Heidrun aliikata kwa mkono wake mmoja, vipande sawasawa, akagawa yeye mwenyewe, akicheka na kila mgeni. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliniuma.

Kesho yake, Jumapili, Heidrun alishuka na sanduku, Irmgard nyuma yake. Amevaa lile koti la kijani. Burkhard alishuka na soksi, akiuliza ni nini tena.

Heidrun alisema taratibu, hata Bwana Zeeb ilibidi afungue mlango ili asikie. "Sikuachi kwa sababu ya mjusi, Burkhard. Mjusi hajanikosea. Mimi nakwenda kukaa mahali ambapo nikiingia ndani navua koti."

Akatundika kibao cha zamu kwenye komeo lao, maana wiki iliyoanza ilikuwa yao, akaondoka.

Sasa sikilizeni nyumba ilivyokuwa. Ile mikebe ya nyenje, kumbe aliyekuwa akiifunga vizuri ni Heidrun. Burkhard aliichukua akaiweka ngazini, karibu na hita ya ukumbi, akidhani nyenje wa moto moto watamtia mjusi hamu. Kifuniko akakiacha nusu. Nyenje ni wadudu wa kujitegemea. Walishuka ngazi, wakapanda ngazi, wakaingia kwenye viatu vyangu vya bustani, na mmoja alijipatia makao nyuma ya saa ya ukutani ya Bwana Zeeb. Na siku waliyochagua kuanza kuimba ilikuwa Jumapili, wiki moja baada ya Heidrun kuondoka.

Jumapili kwetu hupigi msumari, hukati nyasi, hutupi hata chupa kwenye pipa la chupa. Kuna watu wamegombana mpaka kaburini kwa sababu ya kutoboa ukuta Jumapili. Na sasa nyumba nzima inalia kri kri kri kuanzia stoo mpaka darini. Bwana Zeeb alishuka na tai shingoni, akasimama mbele ya mlango wa Pfleiderer, akasema kwamba ni siku ya mapumziko na angeomba wanyama wa Bwana Pfleiderer waiheshimu. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini sisi wengine tulikula bila kualikwa.

Kibaya zaidi, Jumamosi ilikuwa imepita na ngazi hazikufagiwa. Kibao kinaning'inia pale, na vumbi liko palepale. Jambo hilo halikuwahi kutokea katika nyumba yetu, si kwa mafuriko, si kwa msiba. Wanawake wa nyumba ya mkabala walianza kupita taratibu mbele ya mlango wetu wa kioo, wakitazama ndani.

Jumatatu nikapanda. Nilikuwa nimepanga maneno makali, lakini alipofungua nikayameza. Burkhard alikuwa hajanyoa ndevu, macho mekundu, amemshika Gustl kifuani ndani ya sweta. Mjusi alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika.

"Bi Traudel," akasema, "anakufa. Nimempa kila kitu, na anakufa."

Nilimwonea huruma, nisiwafiche. Nikamwambia achukue funguo za gari.

Tulikwenda kwa Daktari Aydın, mwanamke kijana anayetibu nyoka, kobe na jamii hiyo. Gustl alisafiri kwenye mapaja yangu ndani ya boksi, na chupa mbili za maji ya moto, amezungushiwa blanketi la sufu la Heidrun. Daktari alikuwa ameomba kwa simu kinyesi cha mjusi kidogo. Burkhard alikitoa mkobani kwa heshima zote, ndani ya kile kibakuli chenye maua ambacho Heidrun hubebea chakula cha kazini. Nilifumba macho nikaomba Mungu Heidrun asijue kamwe. Baadaye nilimwambia mimi mwenyewe.

Daktari alimpima, akamfungua kinywa, akachungulia kwenye hadubini. Burkhard akasimama wima kama anasubiri hukumu.

"Hana ugonjwa," akasema daktari. "Ana usingizi."

"Daktari, yapata wiki kadhaa sasa."

"Ndiyo. Ni majira ya baridi. Mwili wake unamwambia alale, halafu wewe kila siku unamwashia jua na kumtoa kitandani. Hali, halali. Ndiyo maana anakonda. Ukiendelea kumtunza hivi, atakufa kwa kutunzwa."

Burkhard akauliza, kwa sauti ndogo, afanye nini.

"Hapo ndipo watu hushindwa," akasema daktari. "Usifanye kitu. Punguza taa kidogo kidogo, kisha zima zote. Mweke mahali penye giza na baridi kiasi, maji yawepo, na umwache mpaka aamke mwenyewe. Nyumbani mko wangapi?"

"Wawili," akasema Burkhard. Kisha akasema, "Mmoja."

Daktari aliandika jambo lake bila kuinua macho. Mimi ndiye niliyeanza kutafuta leso.

Garini, kabla ya kuwasha injini, Burkhard alisema jana yake jioni alihisi baridi, akaingiza mikono yake chini ya taa ya Gustl, akabaki hapo muda mrefu. Nami nikaona sasa ndiyo saa ya yale maneno niliyoyameza.

"Heidrun alihisi baridi tangu Oktoba, Burkhard. Anayetaka baridi umemchemsha, na anayetaka joto umemvisha koti."

Alilia kama wanavyolia wanaume wa huku, yaani alisafisha miwani mara nyingi.

Kuanzia siku hiyo taa za Gustl zilipungua moja baada ya nyingine, mpaka sebule ikawa giza, na Gustl akashushwa stoo kwenye sanduku la mbao lenye majani makavu, kati ya viazi na mapipa ya mvinyo wa matofaa. Burkhard akapanda na lile benchi mgongoni. Kisha akasimama mbele ya kibao cha zamu, akakitazama kama mtu anayesoma jina lake, akashuka kuazima ufagio kwangu. Wa kwao hakujua unakaa wapi.

Nyenje walikamatwa kwa gilasi na kadi ya posta. Hapa lazima nimsifu Bwana Zeeb: kwa masikio yale, alisimama katikati ya ngazi akinyoosha kidole, mmoja pale nyuma ya bomba, mwingine chini ya zulia la Traudel, na hakukosea hata mara moja. Sijawahi kumwona mwenye furaha vile tangu astaafu.

Jumapili iliyofuata Burkhard alipanda treni kwenda Friedrichshafen akiwa na keki aliyoioka mwenyewe, akiwa amepima unga kwa vyombo vya kiwandani. Heidrun alinisimulia. Irmgard, ambaye hakumpenda shemeji yake hata siku ya harusi, alifungua mlango akatazama keki badala ya uso. Burkhard akasema nyumbani sasa kuna joto, na kwamba amekuja kuomba msamaha, na kwamba anaahidi.

"Ahadi ulinipa kanisani, na bado ninayo," Heidrun akamkatiza. "Sitaki nyingine. Nataka kuona ukifanya wakati hakuna anayekutazama."

Akakata keki kwa shida, akaionja. "Ngumu. Kaa chini, unywe kahawa."

Basi ikawa kila Jumapili treni, kila Jumapili keki. Ya mirabelle, zile plamu ndogo za njano, ya mbegu za afyuni, ya jibini laini. Zilianza kulainika kabla ya Krismasi, na Januari Irmgard akaanza kuuliza tangu katikati ya wiki shemeji ataleta nini. Lakini Heidrun hakurudi.

Hakurudi kwa sababu alikuwa na jicho lake, na jicho lenyewe ni mimi. Alisema hakuna anayemtazama, lakini katika nyumba yetu jambo hilo halijapata kutokea. Kila zamu ya Pfleiderer ikiisha, simu yangu iliita Jumamosi saa ya kahawa.

"Amefagia?"

"Amefagia."

"Na pembe za ngazi?"

"Na pembe."

"Na nyuma ya baiskeli ya Zeeb?"

Mimi sisemi uongo, hata kwa jambo jema. "Nyuma ya baiskeli bado."

"Haya, Bi Traudel. Tuonane." Akakata simu.

Ningeweza kumnong'oneza Burkhard neno moja tu. Niliuma ulimi. Wiki zikapita, theluji ikaja ikaenda, naye anafagia mpaka kwenye gurudumu la mbele, anageuka. Nilikuwa nalala vibaya. Nilijua ndoa ya watu wawili niliowapenda imesimama pale nyuma ya baiskeli mbovu, pamoja na vumbi, na mwenye ufagio hajui.

Machi, Jumamosi moja, nilikuwa nimefungua mlango kupunga upepo. Burkhard alifika kwenye baiskeli, akageuka kama kawaida. Kisha akasimama. Akairudia. Akaishika kwa usukani na kiti, akaisogeza, akainama kufagia. Hakujua kama nipo. Alitoa huko kifungo kimoja kikubwa cha kijani, cha lile koti, akakifuta kwa shati lake, akakitia mfukoni. Akapiga deki, akakausha, akairudisha baiskeli mahali pake.

Simu ilipoita nilikuwa nimeshaishika.

"Na nyuma ya baiskeli?" akauliza.

"Safi, Heidrun. Pangeweza kuliwa chakula."

Nikasikia anavuta pumzi. Hakuniaga.

Alifika Jumamosi iliyofuata bila kumjulisha mtu. Aliingia na sanduku, koti la kijani limefungwa mpaka shingoni, kifungo kimoja hakipo. Hakunisalimu. Alisogeza baiskeli, akainama, akapitisha kidole sakafuni, akakitazama kidole. Akapanda. Mimi nilikuwa na shughuli zangu katikati ya ngazi.

Burkhard alifungua, akasahau kusema karibu. Mlangoni pale pale joto lilinifikia mpaka nilipokuwa. Benchi lilikuwa pembeni mwake, kisanduku cha kioo kimehamishiwa chumba cha Annika, na juu ya mahali anapokaa Heidrun, ukutani, kilining'inia kipimajoto kimoja cha Gustl.

"Ishirini na mbili," akasema Burkhard. "Kama hupendi, naongeza."

Heidrun alitazama kila kitu. Hakukaa. "Na yeye? Hajambo?"

"Sijui," akasema Burkhard. "Leo sijashuka kumtazama."

Heidrun akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, kuanzia shingoni. Akavua koti. Akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akakaa kwenye benchi lake kwa sweta tu. Burkhard akatia mkono mfukoni, akatoa kile kifungo, akamwomba sindano.

Jioni waliposhuka pamoja kuchukua viazi vya saladi, walimkuta Gustl amefumbua macho kati ya viazi, anawatazama wote wawili kwa zamu. Kisha akavimbisha ndevu zake nyeusi, maana alikuwa na njaa na hakuna aliyemkaribisha.

FUNZO

Hadithi haina maana kama haikuacha kitu mezani, basi hiki ndicho ninachowaachia.

Ukileta kiumbe nyumbani kwako, awe mjusi, awe paka, jifunze anachotaka yeye, si kile ambacho ungetaka wewe ungekuwa yeye. Kuuliza si ujinga. Burkhard hakukosa upendo. Alikosa kuuliza, na upendo usiouliza ulikaribia kumuua mjusi kwa joto na ndoa kwa baridi. Na anayelala mchana, mwacheni alale. Si kila aliyepumzika ni mgonjwa. Hili naliambia kaunti nzima ya Reutlingen, na mimi nikiwemo.

Wahenga wamesema usiache mbachao kwa msala upitao. Yule aliyekaa nawe miaka yote halalamiki kama nyenje. Huvaa koti akanyamaza. Kwa hiyo leo mkifika nyumbani, kabla ya kumlisha mnyama, kabla ya kuwasha chochote, tazameni nani amevaa koti ndani ya nyumba, na mkamuulize anapenda ngapi.

Haya, nendeni salama. Na mlango mfunge vizuri mkitoka, joto linatoka.